Mkwe wa Kilo Tatu na Nusu

Mimi ndiye niliyemchagulia mwanangu jina, na mimi ndiye niliyekatazwa kulitamka. Nikiwasimulia walimu wenzangu hapa Mbinga hucheka mpaka wanashika meza. Wacheke tu. Wao huwaita watoto wao asubuhi na jioni, huwagombeza kwa majina yote mawili na la ukoo juu yake, na hawajui kuwa hiyo ni neema.

Jina lenyewe hata hapa sitaliandika. Si siri, ni mkono tu unaokataa. Ni neno la kila siku la Kiswahili: ile karatasi ambayo mtu aliye mbali huiandika, akaikunja, akaitia kwenye bahasha na kuipeleka posta. Baba mkwe wangu aliitwa hivyo kwa sababu baba yake aliondoka kwenda kukata mkonge Tanga, akamwacha mke na mimba changa, kisha akanyamaza. Watu wakamhesabu kuwa amekufa. Siku mtoto alipozaliwa ndiyo siku kasisi alipoleta ile karatasi iliyotoka kwa baba yake, mzima wa afya, anauliza habari za nyumbani. Mtoto akapewa jina hilo, akabatizwa nalo, wala hakuongeza lingine mpaka anakufa.

Mimi ni Mmatengo. Nimelelewa milimani juu ya Mbinga, kwenye kahawa na mashamba ya ngoro, yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo wote. Nilikuwa mwalimu mpya nilipopangiwa shule ya ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na huko nikaolewa na mfanyabiashara wa usipa, dagaa wa ziwa lile, anayewapeleka kuuza Mbinga na Kitai. Kwao ni Waanglikana, kwetu ni Wakatoliki, na watu walidhani hapo ndipo patakapoharibika. Hapakuharibika kitu. Mama yangu alilia kidogo, yakaisha.

Tabu ilikuwa kwenye maneno. Wiki ya kwanza mama mkwe aliniketisha jikoni akanipa masharti. Nisipite mbele ya baba mkwe. Nisile anapokula. Tukikutana njiani niingie pembeni kwenye majani, apite. Na jina lake nisilitaje, wala neno lolote linalofanana nalo. Kwetu milimani heshima ya mkwe ipo pia, lakini watu wameilegeza. Ufukweni nako nyumba nyingi zimeilegeza. Nyumba niliyoingia mimi haikulegeza kitu.

"Mama, lile neno ni la shule," nilimwambia. "Mimi nafundisha Kiswahili."

"Utatafuta lingine. Mimi nimezaa naye watoto saba na sijawahi kulitaja."

Nikatafuta lingine. Wanawake wote wa nyumba ile walisema "karatasi" na wakaelewana. Shuleni ndiko kulikonishinda. Darasa la tano wana somo la kuandika hizo karatasi, za kirafiki na za kikazi, na mtaala haujui wakwe. "Leo tutajifunza kuandika ujumbe wa kupeleka mbali," niliwaambia, kisha nikampa chaki mwanafunzi aandike kichwa cha somo ubaoni. Watoto wa kijiji kile walijua vizuri sana kwa nini. "Mwalimu, kwa neno moja tunaiitaje?" aliuliza mmoja, uso mkavu kabisa, na darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama dirishani. Baadaye aliniita ofisini akaniuliza kama nina tatizo la kusahau maneno. Nilimjibu nina tatizo la kuolewa.

Sitaki mtu afikiri nilimchukia yule mzee. Nilimpenda, na hapo ndipo nilipoponzwa. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani, imeelekezwa njiani ili asione mlango wa jiko. Hatukuwahi kuzungumza hata siku moja. Akirudi nyumbani alikohoa mara mbili akiwa bado kwenye mihogo, ili nipate nafasi ya kujiondoa. Nilipobeba mimba, ugali wa muhogo ulinishinda kabisa. Harufu tu ilinitoa mbio. Sikumwambia mtu. Siku chache baadaye likaja debe la unga wa mahindi kutoka Tingi. "Mzee anasema amechoka kula muhogo kila siku," mama mkwe alisema, akiniangalia kwa jicho la pembeni. Na mzee aliyekula muhogo maisha yake yote akaanza kula sembe pamoja nami, kila mtu upande wake wa nyumba. Kisha akanishonea gauni la kupwaya bila kunipima. Lilinikaa vizuri hadi mwezi wa mwisho.

Yapo mambo ya kumfungua mkamwana mdomo. Akishazaa mtoto wa kwanza, baba mkwe humpa kuku au kitambaa mbele ya watu na kumwambia, "Sasa sema." Kuanzia hapo anaweza kuzungumza naye, kumwandalia, hata kumtaja kwa dharura. Nilikuwa nikiisubiri siku hiyo kama ninavyosubiri likizo. Nilipanga kabisa nitakachomwambia kwanza: nitamwambia ahsante kwa sembe.

Mzee alikufa nikiwa na mimba ya miezi saba. Alikufa barazani, mchana, mguu ukiwa bado kwenye pedeli.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Kitovu kilipodondoka wazee wa ukoo wakaja kumtazama na kumpa jina. Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nawasikia. Mmoja alitaja nabii, mwingine akataja nabii mwingine, na shemeji yangu mdogo akataja mchezaji wa mpira, wakamfukuza. Hakuna aliyetaja jina la marehemu. Mume wangu alipoingia kuniuliza kama nina neno, nilimwambia, "Tumpe la baba."

Nilisema kwa upendo, Mungu anajua. Lakini nisijitakase: nilisema pia kwa majivuno. Nilikuwa nimekaa nyumba ile muda wa kutosha na bado walikuwa wananiita "yule wa milimani". Nilitaka kuwapa kitu ambacho wake wengine wote wa ukoo hawakuthubutu kukitoa. Nikawapa. Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilifika mpaka mitumbwini. Mama mkwe aliingia, akamchukua mtoto mikononi, akamwita "mume wangu", akalia mpaka nguo ya mtoto ikalowa. Ndipo wifi yangu, dada wa mume wangu, aliposema kutoka mlangoni, "Haya wifi, sasa wewe utamwitaje?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, kwa sababu nilidhani ni utani.

Majuto ni mjukuu, husema wahenga. Ya kwangu yalikuwa mjukuu kweli, mwenye kilo tatu na nusu, analala ndani ya kanga. Siku ya tatu mama mkwe alinipokonya beseni. "Mkwe haogeshwi na mkamwana," alisema. Bibi na mjukuu wana utani wao, kila mtu anajua. Bibi yeyote humwita mjukuu wa kiume mume wake na kumdai kanga mpya. Lakini mama mkwe alikuwa anatania nusu tu, na ile nusu nyingine ndiyo iliyonikaba. Alimwogesha yeye, akamlaza yeye, akambeba yeye mgongoni kwenda kanisani. Mimi niliitwa kunyonyesha. Nikinyonyesha nikamaliza, anachukuliwa.

Nilifikiria jina la ubatizo liniokoe. Mama mkwe akamwambia kasisi kwamba marehemu alibatizwa kwa jina moja, na mjukuu atabatizwa kwa jina hilohilo, asije akagawanyika. Kasisi akakubali. Nikajaribu kumbunia kajina ka kumbembelezea. Mama mkwe akanisikia. "Mzee hapewi jina la utani na mkamwana," alisema, bila hasira yoyote, kama mtu anayenikumbusha kufunika chungu.

"Mwite baba," mume wangu alinishauri. "Sisi sote tunamwita baba. Kuna ubaya gani?"

Kweli, wanawake wengi huwaita watoto wao wa kiume baba, tena kwa mapenzi. Lakini mimi baba nilikuwa nikimwita mzee, siku zile nilipolazimika kumtumia salamu kwa mdomo wa mtu mwingine. Kumwita mwanangu baba ilikuwa kukubali kwamba sina mtoto, nina mkwe. Nikakataa. Baba yangu yuko milimani anapalilia kahawa, nilimwambia mume wangu, na wewe unamjua. Kwa hiyo mtoto nilimwita "wewe". Wewe, njoo. Wewe, acha. Wewe, umekula? Akiwa mbali nilimpigia makofi, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama.

Alipokuwa na miaka mitatu alichukua chumvi yote ya nyumba akaimwaga kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Nikamchapa kofi moja la matakoni, la kawaida, kofi ambalo kila mama ameshalipiga. Mama mkwe akasimama. Jioni alimwita mume wangu na kaka wa marehemu, akawaeleza kwamba nimempiga mkwe wangu. Nikatozwa kuku. Nikatoa kuku wangu mwenyewe, mtetea aliyekuwa karibu kutaga. Akachinjwa, akapikwa, na firigisi, ambayo kwao ni ya mkubwa wa nyumba, akapewa mwanangu. Aliitafuna huku ananiangalia na kutabasamu, mdomo umejaa mafuta. Nilitoka nje nikakaa kwenye mwamba wa kufulia. Nilikasirika hata nikasahau kulia.

Kesho yake nilikwenda kwa kaka wa marehemu, nikapiga magoti, nikamwomba anifungue yeye. Ni mtu mpole. Alinipa kiti, akanipa chai.

"Aliyefunga ndiye anayefungua, mwanangu," alisema. "Mimi nikikufungua, nitakuwa nimemvua ndugu yangu nguo kaburini."

"Lakini yeye hayupo, baba."

"Ndiyo. Hayupo." Akanywa chai yake, nami nikanywa yangu. Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi, nilikuwa nikiwafundisha watoto methali hiyo kila mwaka, nikiwauliza maana yake.

Kaburi la mzee liko kando ya njia ya kwenda ziwani. Watu wasio wa ukoo walielekezana kwa kaburi hilo: ukifika kwa mzee fulani, pinda kushoto. Hao ndio waliobaki kulitaja jina, wapita njia, na wao walikuwa wanamtaja wa kaburini. Wakati ule sikulifikiria hilo. Nilikuwa nafikiria namna ya kuondoka.

Niliomba uhamisho, nikaupata, nikapangiwa shule hapa Mbinga mjini. Mume wangu hakuwa na neno. Kwake Mbinga ilikuwa karibu na wateja. Nikaenda kumwambia mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka anachambua usipa waliokauka.

"Nimepata karatasi ya uhamisho, mama."

"Kazi ni kazi. Nenda salama."

"Nitakwenda na mtoto."

Aliendelea kuchambua. Alitoa kijiti, akatoa kokoto, akatupa. "Wewe unaweza kuhama," alisema. "Mzee hahami. Ameshazikwa hapa."

Nilimwendea mume wangu. Mume wangu si mtu mbaya, ni mtu wa kunyamaza, na siku ile nilimlazimisha aseme. Alisema, "Mama ameachwa mara moja. Sasa wewe unataka aachwe mara ya pili?"

"Ni mtoto wa miaka minne!"

"Jina ulichagua wewe," alisema.

Kama angenitukana ningepata pa kuanzia. Nilijiona nimefungiwa ndani ya nyumba na ufunguo nimeumeza mwenyewe. Ningeweza kumbeba mtoto kwa nguvu nikapanda gari. Wako wanawake waliofanya hivyo. Lakini nilikuwa nimemwona yule mama akilia juu ya ile nguo ya kichanga. Nilikuwa nimempa mume wake, kwa hiari yangu, mbele ya watu, kwa vigelegele. Kumnyang'anya nilishindwa. Nikaenda Mbinga peke yangu.

Miaka miwili ilipita hivyo. Nilishuka ufukweni kila nilipopata nafasi, na nilipiga simu kila Jumapili. "Naomba nizungumze naye, mama." "Mzee amepumzika." Au, "Mzee amekwenda kwa wenzake." Siku nyingine nilipewa, nikasikia pumzi yake kwenye simu, na nikauliza, "Wewe, hujambo?" naye akajibu, "Sijambo mama," kisha simu ikachukuliwa. Chekechea ya kanisani alifundishwa na wifi yangu, aliyemwita baba mbele ya wanafunzi wenzake, na wao wakamwita Babu. Kila nilipokwenda nilimkuta amezeeka kidogo. Alikuwa anatembea mikono nyuma. Alikuwa anakohoa mara mbili kabla ya kuingia ndani, kama alivyofundishwa, na wageni wakimwona walishika mbavu kwa kicheko.

Alipotimiza miaka sita nilishuka na uamuzi. Lazima aanze darasa la kwanza, nami nataka aanzie shuleni kwangu. Nilitegemea vita. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, miguu yake imevimba, ameinyoosha kwenye mkeka.

"Sina ubishi," alisema. "Mkwe huombwa. Mwombe mwenyewe. Akikubali, mimi ni nani?"

Nilielewa mara moja kwamba ana hakika atakataa.

Wakamketisha kwenye kigoda barazani, karibu na cherehani. Mume wangu alikuwepo, na wifi yangu, na mama mkwe kwenye mkeka wake. Nikapiga magoti mbele ya mtoto niliyemzaa. Nilingoja. Mama mkwe akanikumbusha kwa sauti ya chini, "Salamu kwanza."

"Shikamoo," nikamwambia mwanangu.

"Marahaba," akajibu, kwa sauti nzito aliyoitengeneza kooni. Wifi yangu aliziba mdomo kwa kanga. Nilitaka kumnasa kibao yule mtoto, halafu nimnase bibi yake, halafu nijinase mwenyewe.

"Naomba twende Mbinga," nilisema. "Ukasome huko."

Akakohoa mara mbili. Akamtazama bibi yake, na bibi yake akatazama pembeni. "Kule kuna ziwa?"

"Hakuna."

"Kuna usipa?"

"Wapo wakavu tu. Wale anaowaleta baba yako." Niliona nimeshashindwa, nikaona heri niseme kweli yote. "Kuna baridi pia. Asubuhi kuna ukungu, huoni hata mti wa jirani. Utavaa sweta."

Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, kama mzee. Kisha akauliza, kwa sauti yake ya kawaida, ya mtoto, "Na wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Haya," akasema. "Nakubali."

Mama mkwe alisimama kwa shida, akaingia jikoni, tukamsikia anavunja kuni zisizohitajika. Asubuhi alimfungasha yeye mwenyewe, akakunja kila shati mara nne. Aliniita pembeni. Nilidhani atanilaani. Alisema, "Hapendi maji ya kuoga yawe moto sana," na akarudi ndani kabla gari halijaja. Nimewahi kumchukia yule mama, na asubuhi ile nilitamani kupiga magoti tena, safari hii kwake.

Nilidhani nimetoka. Gari lilipoacha ziwa na kuanza kupanda kuelekea Tingi, mtoto amelala mapajani mwangu, nilidhani nimetoka kabisa. Nilimwogesha siku hiyo hiyo. Nilimvalisha sweta. Nilimwita wewe.

Shuleni nilimkabidhi kwa mwalimu wa darasa la kwanza, binti mchangamfu aliyehamia kutoka mkoa mwingine, nikampa cheti cha kuzaliwa ajiandikie mwenyewe. Nina ujuzi mkubwa wa kusogeza cheti mezani na kusema, "Kila kitu kiko hapo." Siku ya nne alimtuma mwanafunzi mmoja aje kuniita darasa la sita, nilikokuwa nafundisha.

"Mwalimu mwenzangu, samahani," alisema nilipofika mlangoni. "Mwanao haitiki jina. Namwita kwenye mahudhurio tangu Jumatatu, ananyamaza. Nikafikiri labda masikio. Lakini nikidondosha chaki anageuka."

Alimsimamisha. Mwanangu akasimama, mikono nyuma.

"Unaitwa nani?"

"Mzee."

Darasa likacheka. "Hapana, jina lako. Nyumbani wanakuitaje?"

"Baba." Wakacheka zaidi. Yeye hakucheka, alikuwa anajitahidi. Nilimwona akifikiri, akitafuta jibu ambalo mwalimu analitaka.

"Haya. Huyu hapa mama yako. Mama anakuitaje?"

Akanitazama kwanza, ili ahakikishe. Kisha akasema kwa sauti safi, "Wewe."

"Siyo mimi. Wewe."

"Ndiyo. Wewe."

Watoto walicheka mpaka wengine wakainama kwenye madawati. Mwalimu naye alicheka, kwa wema, akijua mtoto amechanganyikiwa. Mimi nilishika kizingiti. Bibi yake hakuweza kumtaja kwa sababu mke hamtaji mume. Baba yake na shangazi yake hawakuweza kwa sababu mtoto hamtaji mzazi. Mimi sikuweza kwa amri, na nilipoachiwa njia ya kumwita baba niliikataa kwa kiburi changu. Miaka sita, na hakuna mdomo hata mmoja nyumbani kwetu uliowahi kumwita jina lake. Tulikuwa tumemheshimu mzee kwa mtoto asiye na jina, na aliyeanzisha ni mimi.

"Mwite wewe, mama," mwalimu alisema. "Akilisikia kwako atajua ni lake."

Yeye hakujua anachoniomba. Nilitazama darasa, nikatazama ubao, nikatazama cheti kilichokuwa mezani kwake. Hapakuwa na mkwe mahali pale, wala mama mkwe, wala kaka wa marehemu, na bado nilihisi wote wananisubiri. Nikamwomba radhi mzee moyoni. Nikamwambia ahsante kwa sembe, kwa kuwa sikujua kama nitapata nafasi nyingine. Kisha nikafungua mdomo nikalitamka jina la mwanangu.

Lilitoka dogo. Nikalirudia kwa nguvu, kama mama yeyote anayemwita mtoto wake.

Mwanangu aligeuka haraka kutazama mlango nyuma yangu, macho yamemtoka, aone nani amekuja. Aliutazama kwa muda. Kisha akanirudia mimi, akaja mpaka nilipokuwa, akanivuta mkono ili niiname, wenzake wasisikie.

"Mama," aliniambia taratibu, "huyo alishakufa."